Tumuulize Nini Anayetaka Kuwa Jaji Mkuu?

Mwaka 2011, Jumapili moja baada ya ibada, karatasi ilipitishwa kanisani kwetu. Ilianzia kwa mzee wa kanisa aliyekaa mbele, ikapita benchi kwa benchi, kalamu ikiwa imefungwa kwa uzi ili isipotee. Juu yake palikuwa na maneno machache: sisi washirika wa kanisa hili tunapinga kuteuliwa kwa Dkt. Willy Mutunga kuwa Jaji Mkuu na Bi. Nancy Baraza kuwa Naibu wake. Wengi wetu tulitia sahihi. Wengine tulitia bila kusoma, kwa sababu aliyetutangulia alikuwa ametia, na kwa sababu chai ilikuwa tayari nje.

Karatasi ile haikubadilisha kitu. Wote wawili waliapishwa mwezi Juni mwaka huo huo. Lakini imetukaa moyoni miaka yote hii, na tulipoombwa kuandika juu ya imani na mambo ya nchi tuliona heri tuanze na aibu yetu wenyewe kuliko kuanza na makosa ya wanasiasa, ambayo kila mtu anayajua.

Kwa vijana wasiokumbuka, tueleze kidogo. Kabla ya Katiba ya mwaka 2010, Jaji Mkuu wa Kenya alichaguliwa na Rais, basi. Mwananchi aliamka asubuhi akasikia jina redioni. Katiba mpya ilianzisha Mahakama ya Juu yenye majaji saba, mahakama ambayo neno lake ni la mwisho na ambayo ndiyo husikiliza kesi ya kupinga uchaguzi wa Rais. Ikaagiza kwamba Jaji Mkuu apendekezwe na Tume ya Huduma za Mahakama, aidhinishwe na Bunge, ndipo Rais amteue. Lakini mazoea yana taabu. Januari 2011 Rais Kibaki alitangaza majina ya watu wanne wa kushika nyadhifa kubwa, Jaji Mkuu akiwa mmojawapo, kwa namna iliyofanana mno na ile ya zamani, na wote wanne walikuwa wanaume. Mahakama Kuu ikasema hilo halipatani na Katiba, na kabla ya Februari kwisha majina yakaondolewa. Tume ikatangaza nafasi, waliotaka wakaomba, na mwezi Mei wakahojiwa mbele ya kamera. Tulikaa sebuleni na kwenye vibanda vya chai tukitazama mawakili na majaji wenye mvi wakiulizwa maswali kama vijana wanaotafuta kazi. Lilikuwa jambo jipya, na lilikuwa zuri.

Dkt. Mutunga alikuwa mwalimu wa sheria aliyewahi kuwekwa kizuizini mwaka 1982, wakati ambapo kusema ukweli kulikuwa na bei. Hayo tuliyapita haraka. Tulichokiona ni sikio lake. Alivaa kipuli. Alipoulizwa kuhusu kipuli hicho alikihusisha na mizimu ya mababu zake, akasema hatakivua hata kama kwa kutokivua ataikosa kazi. Kwa Bi. Baraza tulishika utafiti aliokuwa akiufanya chuo kikuu kuhusu mapenzi ya jinsia moja, na ndoa za wote wawili zikaanikwa kama nguo kambani. Mahubiri yalihubiriwa. Karatasi ikapita.

Hatusemi kwamba Mkristo hana haki ya kuuliza juu ya mizimu, wala kwamba ndoa ni kitu kidogo. Katiba yenyewe inadai jaji awe mtu wa maadili ya hali ya juu, mwadilifu na asiyependelea. Swali letu ni lingine. Katika yote ambayo jaji anaweza kuwa nayo au kukosa, mbona macho yetu yalikwenda moja kwa moja kwenye kile ambacho hata mtoto angekiona akiwa mlangoni?

Makanisani tunapenda kuhubiri juu ya Samweli alipokwenda nyumbani kwa Yese akiwa na pembe ya mafuta, akamwona Eliabu, akavutiwa na urefu wake, Mungu akamwonya kwamba binadamu huishia kwenye sura. Tunaisoma habari ile kana kwamba Samweli alikuwa mgeni katika kazi ya kuchagua viongozi. Hakuwa mgeni. Sura nane kabla ya hapo alikuwa ameshachagua majaji na kukosea vibaya. Aliwaweka wanawe, Yoeli na Abiya, wawe waamuzi kule Beer-sheba, na vijana wale wakafuata fedha, wakala rushwa, wakapotosha hukumu. Huyu ni Samweli, mtoto aliyelelewa hekaluni, nabii ambaye hatujasoma mahali popote kwamba alimwonea mtu. Kama yeye aliwahi kudanganywa na damu, kisha akakaribia kudanganywa na urefu, sisi wa karatasi na kalamu ya uzi ni nani?

Damu na urefu. Katika nchi yetu tunavijua vyote viwili. Kila kiti kikubwa kinapokuwa wazi, swali la kwanza vibandani ni la kabila, na swali la kwanza makanisani, tuseme ukweli, ni kama mtu huyo ni wetu. Ameokoka? Anasali wapi? Tunaliita hili kutafuta mcha Mungu, lakini mara nyingi ni ukabila uliovaa suti ya Jumapili. Katika kila kesi kuna pande mbili. Tukimwomba Mungu atupe jaji wetu, tumeomba upande wa pili ukose jaji.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo lilituchukua miaka kuliona.

Mwaka 2016 Dkt. Mutunga alistaafu, na Tume ikahoji tena. Miongoni mwa waliohojiwa alikuwepo Jaji David Maraga, mzee katika Kanisa la Waadventista wa Sabato. Aliulizwa swali lenye meno: itakuwaje kesi ya uchaguzi ikimkuta siku ya Jumamosi, ilhali Katiba inaipa Mahakama ya Juu siku 14 tu kuiamua? Alijibu kwamba hataketi mahakamani siku ya Sabato. Atazungumza na majaji wenzake wapange kazi wakilijua hilo. Kanisani kwetu tunaabudu Jumapili, na juu ya siku hatukubaliani na Waadventista hata kidogo, lakini jibu lile lilitugusa. Katika ushirika wa wanaume mzee mmoja alisema, "Huyo ndiye mtu wa msimamo. Kazi hawezi kuinunua kwa imani yake." Sote tukaitikia amina.

Ni yule mzee aliyeanzisha karatasi mwaka 2011. Na siku ile, juu ya yule wa kipuli, alikuwa amesema, "Mtu mkaidi. Hata kazi ya namna hii haimfanyi akivue?"

Lilikuwa jibu lile lile. Watu wawili, kila mmoja mbele ya wale wenye uwezo wa kumpa au kumnyima cheo kikubwa kuliko vyote katika kazi yake, walisema: kuna kitu sitakiacha ili mnipe hiki. Mmoja tulimwita mkaidi, mwingine tukamwita mtu wa msimamo, na tofauti pekee ni kwamba cha pili kilifanana na imani yetu. Tukiwa tunatafuta jaji, si mchungaji, tulipaswa kutega sikio kwenye jibu lenyewe. Kwa maana siku itafika ambapo mwenye nguvu atamtaka jaji huyo avue kitu kikubwa kuliko kipuli. Asiyeweza kukataa dogo akiwa anatafuta kazi, atakataaje kubwa akiwa ameshaizoea?

Yaliyofuata yaliwachanganya wengi. Mwezi Machi 2013 Mahakama ya Juu chini ya Dkt. Mutunga, mwanaharakati wa zamani na mfungwa wa zamani, ilithibitisha ushindi wa Uhuru Kenyatta. Agosti 2017 kesi ikarudi, na kikao cha maandalizi kilianza Jumamosi usiku, jua likiwa limekwisha kuzama na Sabato ya Jaji Maraga imekwisha. Septemba 1, majaji wanne dhidi ya wawili waliubatilisha uchaguzi wa Rais yule yule. Rais alisema ataheshimu uamuzi, na siku hiyo hiyo akiwa sokoni akawaita majaji wakora. Kanisani kwetu, baadhi ya walioitikia amina mwaka uliotangulia walianza kuuliza ni nani aliyemtuma Maraga. Kumbe msimamo tulioupenda ni ule uliosimama upande wetu.

Hatutaki kutoa picha kwamba kukataa ni wema siku zote. Kiburi nacho hukataa. Na hapa inabidi turudi kwa jina la pili kwenye karatasi yetu, ingawa kurudi huku kunatuuma.

Tarehe 31 Desemba 2011, mkesha wa mwaka mpya, Naibu Jaji Mkuu alifika kwenye jumba moja la maduka jijini Nairobi akapita bila kukaguliwa. Mlinzi wa mlangoni, mwanamke, alimfuata ili amkague kama alivyowakagua wengine. Pakazuka ugomvi. Mlinzi alidai kwamba alifinywa pua na kutishiwa kwa bastola; Naibu Jaji Mkuu alikana. Likaundwa jopo chini ya Augustino Ramadhani, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania, na Agosti 2012 likapendekeza aondolewe kazini. Oktoba mwaka huo akajiuzulu.

Habari zilipotoka, wapo waliosema kanisani, "Si tulisema?" Hapana. Hatukusema. Tulisema juu ya utafiti wake na ndoa yake. Juu ya namna anavyomtazama mtu aliyeshika kifaa cha kukagua chuma kwa mshahara mdogo, hatukuwa na neno, kwa sababu halikutujia akilini kwamba hilo nalo ni swali la maadili. Tume haikuliona, Bunge halikuliona, na sisi tuliokuwa tukipiga kelele za maadili hatukuliona pia. Wala hatumtupii mama huyo jiwe. Alijulikana kwa miaka mingi kuwa mtetezi wa haki za wanawake, na kosa la jioni moja halifuti maisha. Nani kati yetu hajawahi kumwuliza askari wa lango kama anamjua yeye ni nani?

Lakini ona tofauti ya kukataa kule. Wa kipuli na wa Sabato walimkatalia aliye juu yao, na hasara, kama ingekuwepo, ingekuwa yao. Kukataa kwa langoni kulimwangukia aliye chini.

Tuna ndugu kanisani ambaye kwa miaka mingi amelinda lango la jengo moja la ofisi mjini. Mtu mtaratibu, haongei sana. Katika ushirika wa wanaume, siku tulipokuwa tukibishana juu ya mambo haya, alisema maneno ambayo tunayaandika hapa kama tulivyoyasikia: "Hata mimi nilitia sahihi ile karatasi. Lakini wazee wangu, hakuna aliyeniuliza mimi. Mawakili wakubwa hupita kwangu kila asubuhi. Ningeulizwa, ningewaambia nani hushusha kioo akanisalimu, na nani hupiga honi mpaka nitoke kwenye mvua."

Kimya kilikuwa kirefu kidogo.

Yethro, alipomwona Musa akiamua kesi za watu peke yake tangu asubuhi hadi jioni, alimshauri atafute watu wa kumsaidia: wenye uwezo, wanaomcha Mungu, wakweli, wanaochukia mapato ya udhalimu. Tunapenda kuishika ile ya pili na kuifanya iwe yote. Tunasahau pia kwamba aliyetoa shauri hilo alikuwa kuhani wa Midiani. Hakuwa Mwisraeli. Sifa za jaji mwema ziliingia katika watu wa Mungu kupitia mkwe mgeni, na Musa hakumwuliza anasali wapi kabla ya kumsikiliza.

Na huko kumcha Mungu, tukiwa nje ya moyo wa mtu, tutakuonaje? Katika mfano wa Bwana Yesu uliomo katika Luka 18, yule kadhi hakumcha Mungu wala hakujali watu, na mambo hayo mawili yametajwa kwa pumzi moja. Aliyejua hali ya moyo wa kadhi yule alikuwa mjane aliyekwenda na kurudi mlangoni kwake. Makuhani wa mji ule yamkini walimwona kuwa mtu wa heshima, mwenye nafasi yake ya mbele. Mjane ndiye aliyekuwa na habari kamili.

Mama mmoja wa ushirika wa wanawake alituuliza, tulipomsomea sehemu ya maandishi haya, kama basi tunasema imani ya jaji haina maana. Ni swali la haki, na hatutaki kulikwepa. Ina maana kubwa. Anayeamini kwamba atahukumiwa huwa ana sababu ya kutetemeka anapohukumu. Lakini ndani ya mahakama imani hiyo humsaidia Mwislamu aliyeshtakiwa na Mhindu aliyedhulumiwa shamba sawasawa na inavyomsaidia mshirika wetu. Isipofanya hivyo, imegeuka kuwa upendeleo, na upendeleo ndio Musa aliwaonya waamuzi wake wasiwe nao, akiwaambia wamsikilize mdogo kama mkubwa wala wasiogope uso wa mtu. Mama yule alisema bado angependa jaji anayesali. Tukamwambia hata sisi.

Jambo jingine katika karatasi ile linatusumbua zaidi ya yote. Kati ya sahihi zilizokuwepo, hakuna hata moja ya mtu aliyewahi kukutana na wale wawili. Tulikuwa tukitoa ushuhuda juu ya jirani ambaye hatukumjua, kwa mambo tuliyoyasikia kwa wengine. Ile amri ya kutoshuhudia uongo tunawafundisha watoto wa Shule ya Jumapili kwamba ina maana ya kutosema Juma ameiba embe ikiwa Juma hakuiba. Kwetu wakubwa tumeipa likizo, hasa inapohusu watu mashuhuri.

Ilhali utaratibu wenyewe umetupa nafasi njema kuliko ile tuliyoitumia. Tume inapotangaza majina ya watakaohojiwa, huwaalika wananchi walete habari wanazozijua juu yao. Maaskofu wana matamko yao, na sisi tuna kitu ambacho maaskofu hawana. Tuna makarani wa mahakama katika kwaya. Tuna wafagiaji wa ofisi za mawakili. Tuna wajane ambao kesi zao za shamba zimeahirishwa mara kumi na wanajua ni jaji gani aliyewaomba radhi na ni yupi hakuinua macho. Barua moja ya mjane wa namna hiyo, yenye jina lake na mambo aliyoyaona kwa macho yake, ingemsaidia anayechagua kuliko sahihi mia mbili za watu waliokuwa wakiwahi chai. Ni kweli, inatisha kuandika jina lako. Sahihi ya mia mbili haitishi, nayo hiyo ni dalili mbaya.

Samweli alipozeeka alifanya kitu ambacho tungependa kukisikia kikihubiriwa mara nyingi kama kile cha Eliabu. Alisimama mbele ya Israeli yote akawataka wamshuhudie mbele za Bwana: ni ng'ombe wa nani aliyemchukua, ni punda wa nani, ni nani aliyemdhulumu, ni kwa nani alipokea rushwa apate kufumba macho. Pengine alikuwa akiwafikiria wanawe. Hakuwauliza kama mavazi yake yaliwapendeza au kama alihudhuria sikukuu zote. Aliuliza juu ya ng'ombe na punda, mali ambayo mwenyewe hukosi kumjua, na akawauliza watu ambao, kama angewachukulia, wangekuwa wamekaa pale pale mbele yake.

Mwaka 2021 Jaji Maraga alikuwa amestaafu na mahojiano yakarudi tena mwezi Aprili. Jaji Martha Koome akapatikana, mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Safari hiyo hakuna karatasi iliyopita kanisani kwetu. Tungependa kusema ni kwa sababu tulikuwa tumekua katika imani. Ukweli ni kwamba ilikuwa wakati wa korona na ibada zilikuwa zimefungwa.

Jaji Mkuu hukaa miaka 10, au hadi afikishe umri wa miaka 70, lolote litakalotangulia. Kwa hiyo muda si mrefu majina yatatangazwa tena, na tutakuwa tukikutana Jumapili, na chai itakuwepo nje. Tumekubaliana katika ushirika kwamba safari hii orodha ya Tume ikitoka, kabla mzee yeyote hajashika kalamu, itasomwa kwanza na ndugu yetu wa langoni. Yeye amekubali, ila ametuomba tumpe siku mbili tatu. Anasema wengine hubadilisha magari.